Rush, Hannity, Levin, Savage, Beck: nani alijua kujikweza kwa ufundi, na nani alijikweza tu?

MzeeWaMasafa

Wakuu, kila mjadala wa siasa za Marekani ukigusa redio, watangazaji wa kihafidhina wanatiwa kapu moja: wazee wenye hasira wanaofokea maiki. Aliyewasikiliza kwa makini anajua kwamba Rush Limbaugh na Mark Levin kisiasa ni majirani, lakini kiutangazaji ni mbingu na ardhi. Majivuno wanayo wote, hilo halina ubishi. Mtu asiyejiona hawezi kuongea peke yake saa 3 kila siku ya kazi, mwaka hadi mwaka. Suala ni majivuno ya aina gani, na hewani yanafanya kazi gani.

Naanza na Rush kwa sababu wengine wote wamepita njia aliyoifyeka yeye. Kipindi chake cha kitaifa kilianza tarehe 1 Agosti 1988, kikirushwa kutoka kituo cha WABC cha New York, baada ya kujijengea jina kwenye kituo cha KFBK cha Sacramento tangu 1984. Agosti 1987 FCC, tume inayosimamia mawasiliano kule, ilikuwa imefuta kanuni ya mwaka 1949 iliyovitaka vituo vitoe nafasi kwa pande zote za suala lenye ubishi. Wakati huohuo muziki ulikuwa umeshahamia FM na masafa ya AM yanatafuta cha kurusha. Setilaiti ilikuwa imeshusha gharama ya kusambaza kipindi kimoja nchi nzima, na namba za simu za bure zilimwezesha mtu wa Idaho kupiga New York bila kulipa senti. Mlango ulikuwa wazi kwa yeyote. Aliyeingia akaujaza ni yeye.

Majivuno yake yalikuwa ya jukwaani. Alitamba kwamba kipaji chake ameazimwa na Mungu. Alitamba kwamba anabishana huku nusu ya ubongo wake imefungwa kamba ili wapinzani nao wapate nafasi. Mtandao wake aliupa jina la Excellence in Broadcasting, yaani Ubora wa Utangazaji, EIB kwa kifupi, na maiki yake, Electro-Voice RE20, ilikuwa ya rangi ya dhahabu kweli. Zile tambo alizitoa kwa sauti ya mtu anayejua kwamba unajua anacheza. Shabiki anacheka, mpinzani anakasirika, na hasira ya mpinzani inageuka sehemu ya burudani ya shabiki. Tambo moja, kazi mbili.

Wengine mnawaweka wapi?

Trela_I80

Mzee umeanza vizuri ila umemkimbia Sean Hannity. Jamaa hana mbwembwe, hana utani, sauti yake ya kawaida kabisa. Msikilize saa 3 nzima, ukishuka kwenye gari hukumbuki alichosema. Lakini yupo kitaifa tangu Septemba 2001 na hajatikisika. Nieleweshe.

KipazaSauti

Trela, Hannity usimtafute kwenye sauti, mtafute kwenye saa ya ukutani.

Saa 1 ya kipindi cha mazungumzo kule haina dakika 60. Dakika 5 au 6 za mwanzo ni taarifa ya habari na matangazo, katikati ya saa kuna mapumziko mengine, na jumla ya matangazo ya biashara mara nyingi inapita dakika 15. Mtangazaji anabakiwa na vipande vichache, na kila kipande kinaisha kwa sekunde iliyopangwa, kwa sababu mamia ya vituo vinasubiri kuingiza matangazo yao ya mjini kwao kwa mpigo mmoja. Ukichelewa sekunde 4, kompyuta ya kituo inakukata katikati ya neno.

Juu ya hapo kuna kipimo. Kwa miaka mingi kanuni ya upimaji wa wasikilizaji ilikuwa hivi: mtu akisikiliza dakika 5 ndani ya robo saa, amehesabiwa robo saa nzima. Kwenye miji inayopimwa kwa kifaa cha kuvaa, Nielsen, kampuni inayopima wasikilizaji, walishusha hadi dakika 3 kuanzia mwaka 2025. Kwa hiyo mchezo ni kumvusha msikilizaji kwenye mstari wa robo saa. Ndiyo maana unasikia "tukirudi nitakuambia alichosema seneta", halafu wanarudi, na seneta hatajwi mpaka kipande kinachofuata.

Hannity ameyajenga maisha yake juu ya hilo. Anataja saa mara kwa mara. Anarudia maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, kila siku. Mpigaji simu anaitwa Mmarekani mwema kabla hajasema lolote. Wewe unaona uchovu. Aliyeingia kwenye gari saa 10 na dakika 20 jioni akitoka kazini anaona kipindi ambacho hajapitwa na kitu. Anajua mada, anajua adui ni nani, anajua wimbo ulipofika. Muda wa Hannity ni saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni za New York, muda wa foleni. Watu wanaingia na kutoka. Hotuba ndefu yenye mwanzo, kati na mwisho ingepotea bure.

Msikilize pia anavyomhoji mtu wa upande wa pili. Swali ni moja, la ndiyo au hapana. Mgeni akitaka kufafanua, swali linarudiwa. Akijaribu tena, linarudiwa tena, mpaka muziki wa mapumziko unaanza kusikika kwa chini. Mgeni ameondoka bila kujibu, na msikilizaji amebaki na picha ya mtu anayekwepa. Saa ndiyo iliyomshinda yule mgeni.

Trela_I80

Sawa, hapo nimeelewa. Lakini majivuno yake yako wapi sasa?

KipazaSauti

Kwenye ukaribu na wakubwa. Rush alitamba kwa kipaji, Hannity anatamba kwa anaowajua. Aprili 2018 mahakamani New York ilibainika kwamba mteja wa tatu wa Michael Cohen, wakili wa Trump, ni yeye. Novemba mwaka huohuo alipanda jukwaani kwenye mkutano wa kampeni wa Trump, mpaka Fox News ikatoa tamko kwamba haikubali watangazaji wake kushiriki kampeni. Mkutano ulikuwa Cape Girardeau, Missouri, mji aliozaliwa Limbaugh, na Limbaugh mwenyewe alikuwepo jukwaani.

BintiMvita

MzeeWaMasafa, kwa heshima zote, hiyo ya "anacheza tu" imemnusuru Rush kuliko alivyostahili. Desemba 1994 wabunge wapya wa Republican walimpa uanachama wa heshima wa kundi lao, wakimshukuru kwa kuwasaidia kulichukua Baraza la Wawakilishi. Januari 2009 alitangaza wazi kwamba anaomba Obama ashindwe. Mwisho wa Februari mwaka ule mwenyekiti mpya wa chama, Michael Steele, alisema kwenye televisheni kwamba Rush ni mburudishaji tu na kwamba maneno yake ni ya uchochezi. Siku mbili hazikupita, Steele akaomba radhi. Mchekeshaji haombwi radhi na mwenyekiti wa chama.

Steele alikuwa amesema kilekile unachosema wewe, kwamba yule ni mburudishaji. Rush akakasirika. Kama tambo zilikuwa utani, kwa nini kuitwa mtani kumemuuma?

MzeeWaMasafa

Dada, umenibana, lakini sikuachii. Alikuwa na nguvu na alijua anayo, nakubali. Ninachosema ni kwamba hewani alijua kuipima. Chukua simu. Alisema wazi, tena akaandika kwenye kitabu chake cha 1992, kwamba kazi ya mpigaji simu ni kumfanya mtangazaji apendeze. Kwa hiyo Jumatatu hadi Alhamisi mchujaji wake, James Golden aliyejulikana hewani kama Bo Snerdley, alipitisha tu simu za mada iliyokuwa mezani. Ijumaa ndipo mpigaji aliruhusiwa kuchagua mada, na hata ruhusa hiyo Rush aliitangaza kama hatari kubwa anayojitwisha mtangazaji bingwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Kanuni ya kawaida ya studio ameigeuza tambo. Hiyo ni akili.

Halafu ukimya. Sikiliza kanda za miaka ya 1990: anasoma habari gazetini, ananyamaza, unasikia karatasi ikikunjwa karibu na maiki, vidole vinagonga meza, sekunde 2, 3, ndipo linakuja neno moja. Redioni ukimya unaogopwa kama moto. Yeye alikuwa na hakika hutahama.

Na mwaka 2001 alipoteza karibu uwezo wote wa kusikia. Kwa wiki kadhaa aliongoza kipindi akisoma maneno ya wapigaji yakiandikwa na msaidizi kwenye skrini, hadi alipowekewa kifaa cha kusikia ndani ya sikio Desemba ile. Kifaa kilimrudishia maneno, muziki hakikuurudisha sawasawa. Nyimbo alizozijua zamani aliweza kuzitambua, mpya zilikuwa kelele. Mtangazaji wa kawaida angejaza wageni ili apumzike. Yeye aliendelea na mtindo uleule wa kuongea peke yake.

BintiMvita

Kuendelea kuongea peke yake hata masikio yakigoma... mzee, unanisaidia hoja yangu.

WakiliWaKujitegemea

Mniruhusu kwa Levin, maana naona mnamzunguka.

Huyu ni mwanasheria, na majivuno yake ni ya msomi. Alifanya kazi serikalini enzi za Reagan, akawa mkuu wa watumishi wa Mwanasheria Mkuu Edwin Meese, baadaye akaongoza taasisi ya Landmark Legal Foundation. Redio ilimpata ukubwani. Alianza WABC miaka ya mwanzo ya 2000 na kusambazwa kitaifa mwaka 2006, saa 12 jioni hadi saa 3 usiku za New York. Hannity ndiye aliyempa lile jina la sifa linalomaanisha mkuu kuliko wote, naye akalipokea bila kupepesa macho.

Muda wa usiku umemjenga. Foleni imekwisha, msikilizaji yuko jikoni au kwenye barabara ndefu, anaweza kukaa nusu saa. Kwa hiyo Levin anasoma. Anachukua hukumu ya Mahakama ya Juu au barua za waasisi wa katiba, anasoma aya, anasimama, anafafanua, anarudi kwenye aya. Mwaka 2013 alitoa kitabu cha mapendekezo ya kurekebisha katiba kupitia mkutano wa majimbo chini ya Ibara ya 5, na kwa majuma mengi kipindi kikawa darasa la ibara hiyo. Sijui mtangazaji mwingine wa kundi hili ambaye angethubutu kulipa suala la utaratibu wa katiba muda wote ule.

Kasoro yake ni kwamba hawezi kuvumilia mwanafunzi mbishi. Mpigaji akiingia na hoja yenye nusu ya ukweli, Levin anaweza kuibomoa kwa dakika moja kwa hoja tupu, uwezo anao. Badala yake mara nyingi anamwita mjinga, anamfukuza kwenye simu, halafu anaijibu hoja baada ya mtu kuondoka. Wakili anayemjibu shahidi aliyeshatoka kizimbani hajashinda kitu.

Trela_I80

Anafoka mno yule. Usiku barabarani mkono hautoki kwenye kitufe cha sauti.

KipazaSauti

Kitufe hakitakusaidia, na sababu ni ya kiufundi. Kabla sauti haijafika kwenye mnara inapita kwenye kichakataji, mashine kama Optimod za Orban, inayopandisha sauti ndogo na kubana sauti kubwa. Hasa AM, ambako kituo kinataka kusikika juu ya mikwaruzo, ubanaji ni mkali. Matokeo yake mnong'ono na ukelele vinakufikia kwa nguvu karibu sawa. Unachokisikia kwa Levin kama kufoka ni umbo la sauti, kule kukaza koo na sauti kupanda juu. Nguvu yenyewe haijaongezeka kiasi unachodhani. Ndiyo maana kushusha sauti hakuondoi karaha.

Na sauti yake nyembamba ya puani, ambayo wengi wanaicheka, AM inaipenda. Masafa yale yanakata sauti za juu sana, na redio nyingi za gari zinakata zaidi. Sauti nzito ya kifuani kama ya Rush inabaki na joto lake lakini herufi zinaweza kufifia. Ya Levin inachoma kelele za injini kama sindano.

Kuhusu kufukuza watu kwenye simu, hiyo si yake. Bob Grant alikuwa akiwafokea wapigaji watoke kwenye simu yake pale WABC tangu zamani, mpaka kituo kilipomtimua Aprili 1996 kwa maneno aliyoyasema kuhusu ajali ya ndege iliyomuua Waziri wa Biashara Ron Brown. Levin amerithi kituo na tabia.

Jambo lingine wasikilizaji wengi hawalijui: ule ugomvi wa simu haukuwa wa haki tangu mwanzo. Kifaa kinachounganisha simu na meza ya kuchanganyia sauti kinaweza kuwekwa kishushe sauti ya mpigaji kila mtangazaji anapoongea. Mpigaji anaweza kupasua koo kule Ohio, wewe utasikia mtu anayenong'ona nyuma ya mtangazaji. Halafu kuna ucheleweshaji wa sekunde kadhaa kati ya studio na mnara, na kitufe cha kutupa. Mpigaji akitukana, fundi anabonyeza, zile sekunde zinafutwa na kipindi kinaruka mbele. Kisha mashine inajaza akiba upya kwa kunyoosha maneno kidogokidogo bila wewe kugundua. Hakuna mpigaji aliyewahi kumshinda mtangazaji kwa makelele. Wanaopenya ni wale wapole wanaosema sentensi fupi, kwa sababu mtangazaji analazimika kunyamaza ili awajibu.

Sokomoko

Mmemsahau mwendawazimu wangu, Michael Savage. Jina la kuzaliwa Michael Weiner, mtoto wa New York, 1942. Ana shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ya 1978, na kabla ya redio aliandika vitabu vya mitishamba na lishe. Alianzia San Francisco miaka ya 1990, kwenye mji ambao wahafidhina unaweza kuwahesabu kwa vidole.

Kwangu huyu ndiye fundi kuliko wote kwa maana ya redio tupu. Hana mpangilio. Anaanza na mipaka ya nchi, anahamia kwenye supu aliyokula, mbwa wake Teddy, duka la baba yake mhamiaji, halafu ghafla unarudi kwenye mipaka na unagundua supu ilikuwa njia. Roki nzito ikipigwa, kipindi kinaanza tayari amekasirika. Ukimya wake si wa Rush. Rush alinyamaza akijua mwisho wa sentensi. Savage ananyamaza kwa sababu kweli hajui atasema nini, na wewe unabaki pale kuona.

Majivuno yake ni ya fikra aliyedhulumiwa. Vyuo vilimkataa, televisheni ilimkataa, watangazaji wenzake wanamwibia maneno. Mwezi Mei 2009 serikali ya Uingereza ilimtaja kwenye orodha ya watu waliozuiwa kuingia nchini humo. Mtangazaji mwingine angemwachia wakili suala hilo. Savage aliligeuza mada ya miezi na miezi, ushahidi kwamba yeye ni hatari kwa wakubwa.

BintiMvita

Umeruka ya televisheni ya MSNBC, Sokomoko. Julai 2003 walimfukuza kwa kumtakia mpigaji simu augue UKIMWI na afe. Aliyoyafanya pale si ufundi wala dhuluma. Mtu aliyezoea kujiona juu ya kila anayepiga simu, siku akipandishwa kwenye chombo kisicho chake anaumbuka.

Sokomoko

Siibishi hiyo. Lakini ongeza na hili: Januari 2014 vituo vya kampuni ya Cumulus vilimtoa Hannity kwenye muda wa saa 9 alasiri na kumweka Savage. Alitamba kwamba sasa dunia itaona. Hannity alihamia vituo vingine na anaendelea hadi leo. Savage alimaliza redio ya kitaifa mwanzoni mwa 2021. Muda wa foleni haukumfaa, kwa sababu hizohizo alizozieleza KipazaSauti. Ukiingia dakika ya 20 ukakuta mtu anazungumzia supu, unahama.

BintiMvita

Sasa Glenn Beck, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyeelewa chombo kuliko wote na kukitumia vibaya kuliko wote.

Alitokea vipindi vya asubuhi vya muziki, vile vya vichekesho na watangazaji 3 au 4 wanaorushiana maneno, kwa hiyo ana kipimo cha muda cha mchekeshaji. Aliingia mazungumzo ya siasa Tampa mwaka 2000 na kusambazwa kitaifa mwaka 2002. Hakai peke yake. Ana Stu Burguiere na Pat Gray pembeni, na kazi yao ni kucheka, kubisha kidogo, na kuuliza swali ambalo msikilizaji angeuliza. Rush alimaliza hoja kwa kutamba. Beck anaimaliza kwa mshangao wa wenzake.

Tambo zake zimejificha kwenye unyenyekevu. Hujiita mlevi aliyeacha, mtu ambaye hakusoma chuo akamaliza, mchekeshaji wa rodeo. Akishajishusha hivyo anakuambia kwamba yeye ndiye aliyeona hatari ambayo maprofesa wote hawakuiona. Kwenye Fox alitumia ubao na chaki kuunganisha majina kwa mishale, na kwenye redio alielezea ubao ambao msikilizaji haoni! Tarehe 28 Agosti 2010 alikusanya umati mkubwa kwenye mnara wa kumbukumbu ya Lincoln. Katikati ya 2011 Fox ilikuwa basi, akaenda kujenga chombo chake mwenyewe, TheBlaze. Katika kundi hili, wa kwanza kuelewa kwamba si lazima kuwa mpangaji kwenye nyumba ya mtu ni yeye.

Kipimo kilikuwa 2016. Beck alimpigia kampeni Ted Cruz na kumpinga Trump waziwazi, mpaka Mei 2018 alipovaa kofia nyekundu ya Trump hewani na kusema atampigia kura. Levin alitangaza Aprili 2016 kwamba hatampigia Trump. Septemba ileile akageuka. Hannity hakuhitaji kugeuka. Rush hakutaja mgombea wake kwenye mchujo, akasema yuko na mhafidhina, akambeba Trump kwa kueleza kwa nini watu wanampenda.

WakiliWaKujitegemea

Mumtaje na Hugh Hewitt, japo kwa mstari mmoja. Profesa wa sheria, sauti ya ofisini, wageni wengi, maswali mafupi. Septemba 2015 alimuuliza Trump kuhusu Jenerali Soleimani wa Iran na kikosi chake cha Quds, Trump akadhani anaulizwa Wakurdi. Hakupaza sauti. Na Dennis Prager alitenga saa nzima kila wiki kwa mada ya furaha tu, ambayo kwa Savage ingeisha kwa kilio.

MhasibuWaHewa

Naona mnaongelea majivuno bila hela. Ngoja.

Rush alianza kwa kubadilishana. Kituo kinapewa kipindi bure, kinatoa dakika kadhaa za matangazo kila saa ziuzwe kitaifa na wasambazaji wa kipindi, zinazobaki kinaziuza chenyewe. Kituo kidogo kinachoshindwa kulipa mshahara wa mtangazaji wa mchana kinapata saa 3 bila gharama. Jina lilipokua vituo vikaanza kulipa na kutoa dakika vilevile. Mkataba wake wa 2008 uliripotiwa kuwa wa takriban dola milioni 400 hadi 2016. Mtu wa mkataba huo akisema ana kipaji cha kuazimwa na Mungu, mhasibu hana la kubisha.

Pesa nzuri kuliko zote ni tangazo linalosomwa na mtangazaji mwenyewe. Hapo majivuno yanauzwa kwa dakika. Rush alilisoma kama sehemu ya mazungumzo. Mara nyingine ulikuwa umeshaingia sekunde 20 kabla hujajua kwamba mada sasa ni godoro. Hannity analisoma kama hotuba, husikii mshono kwa sababu kila kitu chake kina sauti moja. Beck aliuza dhahabu kwa mtindo wa hofu: kwanza saa nzima ya kuporomoka kwa uchumi, halafu tangazo la sarafu za dhahabu za Goldline. Kibiashara ilikuwa safi kabisa. Kimaadili, mtajaza wenyewe.

Hatari yake ilionekana 2012. Mwisho wa Februari Rush alimtukana Sandra Fluke, mwanafunzi wa sheria aliyetoa ushahidi mbele ya wabunge kuhusu bima na uzazi wa mpango, na akarudia kwa siku 3. Tarehe 3 Machi akaomba radhi kwa maandishi, lakini kampuni zilikuwa zimeanza kuondoka, Carbonite ikiwamo, ambayo ilikuwa moja ya zile alizozisomea mwenyewe. Kosa lilikuwa kurudia. Tambo ya siku moja ingesahaulika. Siku 3 mfululizo ziliwapa wapinzani muda wa kupiga simu kwa wadhamini mmoja mmoja. Na moto haukubaki kwake. Kampuni kubwa ziliagiza wasambazaji wasiweke matangazo yao kwenye vipindi vya aina hii vyote, vikiwamo vya watangazaji ambao hawakusema neno. Tangu hapo ukisikiliza utaona matangazo yamebaki ya dhahabu, vidonge, chakula cha akiba na mito ya kulalia.

Trela_I80

Na baada ya Rush kufariki Februari 2021? Kiti kimekaliwa?

KipazaSauti

Premiere, wasambazaji wa kipindi chake, waliweka watu wawili kuanzia Juni 2021, Clay Travis kutoka redio za michezo na Buck Sexton aliyekuwa mchambuzi wa CIA. Mmoja akichoka mwenzake anapokea, hakuna ukimya, hakuna karatasi inayokunjwa. Kwa kituo ni salama: akiugua mmoja kipindi kipo. Lakini watu wawili hawawezi kutamba kwa mtindo wa Rush, kwa sababu ukijisifu mbele ya mwenzako ama anacheka ama anakupinga, na hapo tambo imekufa.

Westwood One, wasambazaji washindani, wao walimweka Dan Bongino saa zilezile kuanzia Mei 2021. Aliyekuwa mlinzi wa marais, anaongea kama anakukimbiza. Oktoba mwaka ule alitoa kauli ya "ama wao ama mimi" kwa sababu Cumulus, wenye Westwood One, ililazimisha wafanyakazi wachanje, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameshachanja. Vituo vikarusha marudio. Cumulus haikubadilisha sharti lake, na Bongino akarudi kwenye maiki. Machi 2025 akaondoka kwenda kuwa naibu mkurugenzi wa FBI.

BintiMvita

Rush naye asingetoa kauli ya "ama wao ama mimi" hewani. Angesubiri mkataba uishe.

MhasibuWaHewa

Na wangemfuata nyumbani kwake Palm Beach na karatasi na kalamu.